Nyumba ya Watu Sitini

Lidcombe, Sydney
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako Shangazi Spéciose,

Nimeanza na tarehe kama nilivyofundishwa, na baada ya tarehe naweka ahadi: katika barua hizi nitakuambia yote, hata yale yatakayonitia aibu. Mwalimu Jerusha anasema barua yenye kuficha ni sawa na bahasha tupu.

Hujambo, Shangazi? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu. Baba anaendelea kuendesha lori la makontena pale bandarini Port Botany, na Mama bado anahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa. Joto la huku ni kali, hata lengalenga za Baba, ule mchicha wa kwenu, nyuma ya nyumba zimelala chini.

Utashangaa kwa nini nimeanza kukuandikia, wakati wewe na Baba mna simu. Lakini nimesikiliza simu zenu. Mnaulizana hali mara tatu, halafu laini inakatika. Mimi Kirundi changu ni cha kusalimia tu, na wewe Kiingereza hukukisoma, basi tumebaki na Kiswahili. Mwalimu Jerusha ni nesi kutoka Kenya ambaye hutufundisha kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Amekubali barua zangu na zako zipite kwenye simu yake, naye atanichapishia.

Sasa shida yangu. Mwalimu wetu wa jiografia ametupa kazi ya muhula: kila mwanafunzi achague nyumba iliyojengwa kwa vitu vinavyopatikana palepale inaposimama, aieleze, kisha aitengenezee mfano. Nilinyoosha mkono nikasema, "Shangazi yangu anaishi Ethiopia katika nyumba iliyosukwa." Wakacheka. Mmoja akauliza, "Kama kikapu?" Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa na hakika.

Ninachojua ni kidogo. Najua uliolewa Nairobi na mfumaji, marehemu Mjomba Anjulo, akakupeleka kwao kwa Wadorze, kwenye milima ya kusini. Nina picha moja ambayo nyumba yako inafanana na kichwa cha tembo. Baba naye husema kwamba mchwa wanaila. Alisema kama mzaha, lakini yeye mwenyewe hakucheka.

Je, ni kweli? Ilijengwaje? Nieleze yote.

Mwanao,
Ineza


Milimani, karibu na Arba Minch
27 Februari 2025

Mwanangu Ineza,

Barua yako nimeisoma sokoni, ambako mtandao unapatikana, nikiwa nimekalia gunia la viazi, nikacheka peke yangu hadi muuza chumvi akaniuliza kama nimeposwa. Nimefurahi. Kifua kimepona. Ni moshi tu, na moshi ndio mlinzi wa nyumba zetu, kwa hiyo siwezi kuugombeza. Msalimie mama yako, na umwambie baba yako apunguze chumvi.

Ndiyo, nyumba yangu ilisukwa. Huku wanaume ndio wafumaji wa nguo, na nyumba huifuma vilevile. Baba mkwe wangu alikata mianzi, akaipasua vipande vyembamba kama mikanda. Akachimbia fito ardhini kwa duara. Kisha wakasuka wakizunguka, kutoka chini kwenda juu, mpaka wakahitaji ngazi. Hakuna nguzo ya katikati wala msumari hata mmoja. Juu waliivika maganda makavu ya enset, mmea unaofanana na mgomba ila hautupi ndizi. Shina lake linatupa mkate, na maganda yake yanaivika nyumba. Mbele wakaweka kibaraza kidogo, hiyo ndiyo pua ya tembo. Juu ya pua wakaacha matundu mawili ya moshi, hayo ndiyo macho. Marehemu alikuwa akiniambia, "Shuka ni kitambaa kinacholala, nyumba ni kitambaa kinachosimama."

Kuhusu mchwa, baba yako hakukosea. Wanakula miguu ya nyumba kutoka ardhini. Ikiliwa sana, wanaume wanakuja, wanakata ile sehemu iliyooza, nyumba inashuka kidogo, maisha yanaendelea. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi mwaka 2009 niliingia wima na kapu kichwani. Tangu hapo imekatwa mara mbili. Siku hizi naingia wima bila kapu. Mama mkwe alipokuwa hai alisema nyumba na mwenye nyumba hufupika pamoja, na ndiyo heshima yao.

Liko jambo moja kubwa kuhusu nyumba hizi nimelibakiza. Sijaliona kwa macho yangu, na sipendi kusimulia ya kusikia. Likitokea, nitakuandikia.

Soma kwa bidii.

Shangazi yako,
Spéciose


Lidcombe
Jumapili, 23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini soko lilikuwa zuri na viazi vilikwisha. Huku sote wazima, na mvua imeanza kupunguza joto.

Niliisoma barua yako mbele ya darasa, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Nilipofika pa mchwa, hata waliokuwa wakichora waliinua vichwa. Msichana anayekaa mbele yangu alifunika mdomo kwa mkono. Mwingine akauliza, "Kwa hiyo yuko ndani, na inaliwa, na yeye anajua?" Nikasema anajua. Mwalimu akasema hajawahi kusikia nyumba inayofupika kama mtu.

Jumapili baada ya ibada nikamsomea Baba mezani. Nilikuwa najivunia. Shangazi, sikujua ninachokifanya. Baba aliweka kijiko chini. Akasema, "Rudia hapo pa miguu ya nyumba." Nikarudia. Akainuka, akatoka nje, akasimama karibu na lengalenga, ametugeuzia mgongo.

Ndipo Mama akaniambia habari ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba Bibi Marie-Jeanne hakufa kwa malaria. Kwamba kule kambini Kigoma, mwaka 1998, nyumba yenu ya matofali mabichi ililowa mvua alasiri moja, ukuta ukamwangukia akiwa anapika, na nyinyi wawili mkamfukua kwa mikono. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, Baba tisa. Mama anasema maji yalimfika Baba kiunoni. Miaka yote hii namwona Baba akigonga kuta za kila nyumba tunayotaka kupanga, nikadhani ni mazoea tu.

Aliporudi ndani alisema, "Dada yangu halali tena juu ya udongo unaoliwa."

Aliyesema saruji ni mimi. Nataka ulijue hilo. Tulikuwa tumejifunza kwamba msingi ndio unaoishika nyumba, nami nikasema, "Baba, tukimwekea msingi wa saruji, mchwa hawatapita." Akaniangalia kama vile nimefaulu mtihani mkubwa.

Basi, Shangazi, kanisa zima limesaidia. Mzee Vénérand alisimama akasema dada wa Niyongabo ni dada wetu sote, na Jumapili tatu tumeuza sambusa na maandazi baada ya ibada. Baba amekwisha kuzungumza na mafundi wa mjini huko kwenu. Ametaka sakafu yote, na ukuta mfupi wa kuizunguka nyumba na kuishika miguu yake, wenye kimo cha kiuno cha mtu. Mlangoni, saruji ikiwa mbichi, waandike jina la Bibi.

Nimefurahi hata silali vizuri. Niambie ikikamilika.

Mwanao,
Ineza


Milimani
24 Aprili 2025

Mwanangu Ineza,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Kazi imekwisha. Mafundi walikuwa watu wa heshima. Jina la Mama wameliandika vizuri, herufi zimenyooka. Sakafu haina vumbi, na maji hayaingii.

Mwambie mdogo wangu nimepokea, na ninashukuru. Yeye ni mdogo, lakini ndiye mwanamume pekee aliyebaki wa nyumba yetu. Kitu alichotoa kwa jina la Mama, mimi nakipokea kwa mikono miwili.

Majirani walikuja kuangalia. Walizunguka nyumba yote. Mzee mmoja aliuliza swali, nami sikumjibu.

Mvua ni nyingi mwaka huu.

Shangazi yako,
Spéciose


Lidcombe
Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Sisi wazima wa mwili.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi nikafikiri umechoka. Mwalimu Jerusha aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu mama anashukuru kama mtu anayejibu polisi." Nilimkasirikia. Sasa nakueleza kilichotokea Alhamisi.

Mfano wangu ulikuwa umekamilika. Tulikwenda na Mama hadi Cabramatta, kwenye duka la Wavietinamu, tukanunua mikeka ya mianzi. Nikaipasua, nikasuka kama ulivyosema, nikizunguka kutoka chini. Wiki nne. Pua, macho mawili, maganda nikayafanya kwa majani makavu ya mahindi. Nikaibandika kwenye ubao, na kwa sababu nilitaka kusema kweli, nikaizungushia saruji halisi ambayo Baba alinikorogea kwenye ndoo. Nilipata alama za juu kuliko wote. Siku ya maonyesho waliiweka karibu na mlango wa ukumbi.

Akaja mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wa darasa la chini. Wanamwita Ato Mekuria, yaani Bwana Mekuria, na kwao ni kusini, Arba Minch kabisa. Alipoiona nyumba alivua kofia. Tukaongea kwa Kiingereza.

"Umeisuka mwenyewe?"

"Ndiyo. Ni ya shangazi yangu."

Akachuchumaa, akapitisha kidole. "Mkono wako mwepesi. Hii ya kijivu ni nini?"

"Saruji. Tulimtumia sisi."

Akacheka. "Ya mfano tu."

"Hapana, Babu. Na kule iko hivihivi. Inafika kiunoni."

Akaacha kucheka. Akasema kwa upole, "Binti, hebu inua nyumba yako."

"Imeshikana na ubao."

"Inua tu. Kwetu nyumba nzuri huonekana ikiinuliwa."

Nikaishika kwa mikono miwili nikavuta. Shangazi, ilichanika. Sehemu ya juu ilibaki mikononi mwangu na miguu yote ikabaki kwenye saruji, imesimama kama meno. Watu walikuwa wamegeuka. Mwalimu alikuwa na kikombe cha chai, akabaki nacho hewani.

Ato Mekuria aliniwekea mkono begani. "Pole. Nilidhani unajua." Ndipo akaniambia jambo lile ulilolibakiza. Kwamba nyumba hizo hazikai mahali pamoja daima. Kwamba ardhi ikiharibika, watu wanaingia ndani wanaibeba. Akasema hajawahi kusikia mtu aliyeifunga nyumba ya Mdorze ardhini. Halafu akauliza, "Iko mtelemkoni?"

Hilo hujaniambia.

Mimi nilikuahidi yote, nikakueleza yote, hata kwamba wazo lilikuwa langu. Sasa ni zamu yako. Yule mzee aliyeizunguka nyumba aliuliza nini?

Mwanao,
Ineza


Milimani
5 Juni 2025

Ineza, mwanangu mwenyewe,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Umenishinda. Mtoto ambaye kazi ya mikono yake imechanika kwa ajili ya nyumba yangu siwezi kumjibu uongo. Afya yangu nzuri, ya kwenu naiombea. Sasa sikiliza.

Yule mzee aliuliza, "Nani ameifunga?"

Nyumba yangu iko mtelemkoni. Mwezi wa nne, mvua zilipozidi, juu yetu kilima kilipasuka. Ufa ulikuwa mwembamba, unaweza kuuvuka ukiwa umebeba mtungi. Baada ya wiki mbili mbuzi alitumbukia mguu. Wazee wakapima, wakakaa, wakaamua: nyumba tano zilizo chini ya ufa zihamishwe kabla ya mvua kubwa za Julai.

Kwa hiyo nimeliona lile jambo. Walianza na ya jirani yangu. Walitoa vitu vyote, hata moto wakaubeba kwenye chungu. Wakafukua miguu ya nyumba kuizunguka, wakapitisha mianzi mirefu ndani na kuifunga. Kisha watu wakaingia. Wengine walishika kwa nje. Nilihesabu sitini na watatu. Mmoja alibaki nje mbele kuwaongoza, kwa sababu waliomo ndani hawaoni wanakokwenda. Alitoa sauti, wakaitikia, na nyumba ikasimama. Mwanangu, nilishika kichwa. Nyumba nzima ilikuwa inapanda njia ya mbuzi, na chini yake hukuona kitu ila miguu ya watu. Mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini, alikuwa akiifuata nyuma akiigombeza: "Polepole, usigonge mti wa watu." Walipoitua, waliukoka moto uleule. Mchana alipika humo humo.

Nne zimehama hivyo. Yangu imebaki peke yake.

Walikuja wote sitini. Waliposukuma, mianzi ililia pale inapoingia kwenye saruji, ukuta wa nyuma ukaanza kuachana. Wakasimama haraka. Wakasema basi tuikate juu ya saruji kama tunavyokata pa mchwa. Tukapima. Imekwisha kukatwa mara mbili, na ukitoa tena kimo cha kiuno, mlango utanifika mapajani. Itakuwa tundu la kuku. Iko njia moja tu: kuivunja saruji yote kwa nyundo na patasi, polepole, siku nyingi, ili miguu itoke mizima.

Nyundo zipo. Mimi ndiye niliyewazuia. Pigo la kwanza litaangukia mlangoni, na mlangoni pana jina la Mama. Unajua sisi wawili tulimtoa wapi. Baba yako ameomba kitu kimoja tu maishani, dada yake alale mahali palipo imara. Siwezi kumpigia simu kumwambia nimekivunja. Na bila neno la aliyetoa, wazee nao hawataki kugusa.

Wananiambia niende kulala kwa watu. Mchana naenda. Lakini usiku narudi kwangu. Nyumba ya Anjulo siiachi peke yake chini ya kile kilima.

Usimwambie baba yako. Nimekueleza kwa sababu uliuliza.

Shangazi yako,
Spéciose


Lidcombe
Jumapili, 15 Juni 2025

Shangazi,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Nimemwambia.

Jumamosi ya wiki iliyopita Baba alikuwa anamwagilia lengalenga. Nilimsomea barua yako yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa nitaacha katikati. Alikuwa ameshika mpira wa maji, na maji yakawa yanamwagika mahali pamoja mpaka pakawa dimbwi.

"Alikukataza usiniambie?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe unaniambia."

"Niliahidi kusema yote."

"Uliahidi kwake. Siyo kwangu."

"Analala humo, Baba."

Akafunga bomba. Akasema saruji haijawahi kumuua mtu, udongo ndio unaoua, na kwamba hao wazee ni wavivu wa kubeba. Kisha akaingia ndani. Siku nne hakuzungumza nami zaidi ya kunisalimia. Alikwenda kazini, akarudi, akala. Mama alisema, "Mwache. Anafukua." Nililia shuleni, chooni, nikanawa uso.

Alhamisi jioni aliniita jikoni. Alikuwa bado amevaa fulana ya kazi ya rangi ya machungwa.

"Leta ile karatasi. Soma pale pa watu tu."

Nikasoma pale wanapoingia ndani.

"Wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Ni ukoo mmoja?"

"Haisemi. Majirani, nadhani."

"Wanalipwa?"

"Haisemi, Baba. Inasema tu walikuja."

"Na kwa Spéciose pia walikuja? Wote?"

"Wote. Wakasukuma mpaka ikaanza kuchanika ndipo wakaacha."

Treni mbili zilipita. Akaweka viganja vyake juu ya meza akavitazama, kisha akasema, si kwangu, "Sisi tulikuwa wawili."

Shangazi, sijawahi kumwona Baba akilia. Alilia bila sauti. Mama alikuja akasimama nyuma yake, akamshika mabega kama mtu anayeshikilia ngazi.

Baadaye akasema, "Andika." Haya hapa maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

Dada yangu. Wavunje. Waanze popote, hata kwenye jina. Wewe usisimame chini wakati wanagonga. Na usilale humo hata usiku mmoja zaidi. Mimi niliyetoa ndiye ninayesema.
Mdogo wako, Niyongabo.

Sahihi hiyo ni yake mwenyewe. Tumekupigia simu mara kumi na moja haipatikani. Mwalimu Jerusha ametuma barua hii kwa muuza chumvi na kwa mwenye duka la simu la sokoni kwenu, wote wawili.

Je, imefika?

Mwanao,
Ineza


Lidcombe
Jumapili, 6 Julai 2025

Shangazi,

Nakusalimia ingawa sijui salamu zinakukuta wapi. Wiki tatu. Masoko sita yamepita, nimehesabu. Simu yako inasema haipatikani, na ya mwenye duka pia. Ato Mekuria amepiga kwa ndugu zake Arba Minch. Wamesema mvua imekata barabara ya milimani, na kwamba kuna kilima kimeshuka, lakini hawajui ni kipi.

Baba ameacha kula chakula cha mchana. Kazini anakaa kwenye foleni ya makontena na simu juu ya usukani.

Sina la kuongeza. Andika hata neno moja.

Ineza


Milimani
17 Julai 2025

Ineza mwanangu, na Niyongabo mdogo wangu, kwa sababu najua mtaisoma pamoja,

Mimi mzima. Naandika hilo kwanza ili mpumue.

Neno lenu lilifika kwa muuza chumvi tarehe 19 Juni. Alipanda nalo mlima kwa miguu, hakusubiri soko. Kesho yake wakaanza kugonga. Siku tisa, mchana kutwa, wanaume wanne kwa zamu, wakichomoa mwanzi mmoja mmoja kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Nililala kwa yule bibi wa miaka themanini. Anakoroma.

Kipande chenye jina nilikuwa nimewaomba wakiache cha mwisho. Walikikata kizima, lakini kilikuwa kizito mno na njia ya juu ilikuwa tope. Nikasema kibaki, tutakifuata kiangazi.

Tarehe 29 wakaibeba. Siku hiyo walikuwa sabini na zaidi, mpaka watoto walitaka kushika. Ukuta wa nyuma ulilegea njiani na jicho moja limepasuka. Nyumba imeegemea upande kidogo, kama mzee anayesikiliza. Lakini imetua, na moto umewaka.

Siku ya nne baada ya hapo, saa sita mchana, kilima kilishuka.

Sikujua kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kwenda bila kelele. Ilikuwa kama mtu anavuta blanketi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, huku juu, na mwiko mkononi. Pale palipokuwa pangu sasa pana udongo mwekundu, na mti wa jirani umesimama juu yake wima, umehama na mizizi yake. Hakuna aliyekuwa chini. Wote tulikuwa tumekwisha kupanda.

Jina la Mama liko chini ya udongo ule. Nilipiga magoti, Niyongabo. Nikaanza kufukua. Ni mikono tu iliyoanza, mimi mwenyewe sikuwa nimeamua. Yule bibi akanivuta nguo akasema, "Unamtafuta nani? Hamna mtu humo." Akarudia mpaka nikasikia. Hamna mtu humo.

Nikainuka. Tukaenda kunywa kahawa.

Barabara imefunguliwa jana, na mtandao nao umerudi, ndipo naandika.

Dada yako, na shangazi yako,
Spéciose


Lidcombe
Jumapili, 20 Julai 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya Baba ingawa yeye hakuamkii.

Mwalimu Jerusha hakusubiri Jumamosi. Alikuja na karatasi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine, akiwa na sare ya hospitali. Nilisoma kwa sauti hadi pale kilima kiliposhuka, sauti ikakataa. Baba akaichukua akaendelea mwenyewe, yeye ambaye kila mara husema Kiswahili cha kuandikwa kinamchosha. Alipofika pa yule bibi aliyekuvuta nguo, alisoma mstari ule mara mbili. Kisha akakunja karatasi akaiweka mfukoni mwa fulana, na mpaka sasa hajanirudishia.

Mimi bado sijatulia, Shangazi. Darasani nikisikia mlango ukifungwa nashtuka. Nafikiri kila wakati juu ya zile siku nne. Ningechelewa kusema kwa siku nne tu. Mwalimu wa jiografia ameniuliza kama nataka kuurekebisha mfano wangu. Nimesema ndiyo, lakini safari hii siubandiki.

Jana Baba aliomba rula yangu. Alivua viatu akasimama kwenye mlango wa jikoni, mgongo umenyooka, akasema, "Weka alama ya penseli juu ya kichwa changu, na usinipunje." Nikaweka. Ni sentimita mia moja themanini na tatu. Mama akauliza anapimiwa suti au jeneza. Baba akasema, "Napimiwa mlango." Ameomba likizo ya Desemba, na mimi nimo kwenye hiyo likizo. Sijawahi kukuona ila kwenye picha, na usiku naogopa kusema kwa sauti kwamba nitakuona.

Sasa chukua kamba, Shangazi. Pima mlango wako kutoka chini hadi juu, baada ya njia yote ile na tope lile. Kama huna tepu, tumia mkono wako, kisha uniambie mkono wako una urefu gani. Andika namba tu, umpe muuza chumvi soko la kwanza, barua ndefu itafuata.

Je, Baba ataingia wima?

Mwanao,
Ineza